Mlango wa Kutokea

Programu za seva pepe ziliuzwa kwa ahadi ambayo hata mhasibu aliielewa mara moja: nunua mashine chache, endesha kazi nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, desturi ya ofisi nyingi ilikuwa kuipa kila programu kubwa seva yake. Barua pepe ilikuwa na seva yake, uhasibu ulikuwa na yake, na mafaili vivyo hivyo, kwa hofu kwamba programu mbili zikiwekwa pamoja moja ingeiangusha nyenzake. Vyumba vya seva vikajaa vyuma vinavyokula umeme na ubaridi wa kiyoyozi usiku na mchana, ilhali prosesa zake zilitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. VMware, iliyoanzishwa California mwaka 1998 na Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao watatu, ilitoa ESX Server mwaka 2001. Hili lilikuwa tabaka jembamba la programu, ambalo watu wa IT huliita haipavaiza, linalokaa kati ya chuma na mifumo ya uendeshaji na kuufanya kila mfumo uamini kuwa una kompyuta yake peke yake, yaani mashine pepe. Wazo lenyewe halikuwa jipya, kwani IBM walikuwa wakilitumia kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960. Jipya lilikuwa kulileta kwenye prosesa za kawaida za Intel, ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 2003 ikaja ahadi ya pili, na kwa maoni yangu ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. VMware ilionyesha kwamba mashine pepe inayofanya kazi inaweza kuhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine bila mtumiaji kukatikiwa. Seva ya HP ikizeeka, kazi zake zinahamia kwenye ya Dell wakati wafanyakazi wanaendelea kuandika ankara zao. Biashara haikuwa tena mateka wa muuza chuma. Ahadi hiyo ilitimizwa, lakini ilitimizwa nusu. Mteja alifunguliwa kutoka kwa muuza chuma akafungwa kwa muuza tabaka, na ndiyo sababu jambo ambalo wateja wa biashara wanalihitaji kuboreshwa kuliko mengine yote katika programu hizi ni uwezo wa kuondoka.

Ukiwasikiliza wanaoziendesha kila siku, malalamiko utakayoyasikia kwanza ni mengine kabisa. Snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani, ilichukuliwa Ijumaa kabla ya kuweka kiraka, ikasahaulika, ikavimba wiki baada ya wiki hadi hifadhi ikajaa na mashine zote zilizokuwa humo zikasimama kwa mpigo. Mashine moja yenye kazi nzito inahodhi diski za pamoja na kuzichelewesha jirani zake, huku dashibodi ikionyesha kijani kitupu. Kuna mashine zilizoundwa kwa majaribio ambazo hakuna anayethubutu kuzizima, kwa kuwa hakuna anayejua nani bado anazitumia. Kero hizi ni za kweli, na zimeharibu wikendi za watu wengi. Lakini zinafanana kwa jambo moja: muuzaji akizitibu bidhaa yake inapendeza zaidi, na yeye hapotezi kitu. Kwa hiyo huzitibu, hata kama ni kwa kuchelewa. Skrini ya usimamizi ya vSphere, mfumo wa VMware wa seva pepe, ni mfano mzuri. VMware iliiacha programu yake ya zamani ya Windows na kuwasukuma wateja kwenye ukurasa wa wavuti uliojengwa kwa Flash, mzito kiasi kwamba mtu alibofya kisha akasubiri. Wateja walipiga kelele kwa miaka. Mwaka 2018 skrini mpya ya HTML5 ikakamilika, na mwisho wa 2020 Adobe ikaizika Flash yenyewe. Kelele zilisikika. Kelele za kutaka kuhama kirahisi, kwa upande mwingine, hazina wa kuzisikiliza ndani ya kampuni ya muuzaji, maana kuzisikiliza ni kujipunguzia mapato.

Dalili za tatizo zilianza kuonekana mapema. Tarehe 12 Agosti 2008, kampuni zilizokuwa zimeweka toleo la ESX 3.5 Update 2 zilikuta kwamba mashine pepe zilizozimwa hazikubali kuwaka tena. Msimbo uliokusudiwa kusitisha toleo la majaribio ulikuwa umeachwa ndani kwa bahati mbaya. Tarehe ilipofika, ukaiambia programu kwamba leseni imekwisha, hata kwa mteja aliyekuwa amelipa kila senti. Mashine zilizokuwa zimewaka ziliendelea kufanya kazi, ila kuzihamisha kati ya seva na seva kulikataa. Dawa ya dharura iliyotumika siku hiyo ilikuwa kuirudisha nyuma saa ya seva. Paul Maritz, ambaye alikuwa ametimiza wiki chache tu kwenye kiti cha mkurugenzi mkuu, aliomba radhi hadharani na kiraka kikatoka haraka. Watu wengi waliliona kuwa kosa la kiufundi likawaishia hapo. Mimi naliona kama siku ambayo sharti la kibiashara lilijitokeza kwa sura yake halisi: limeandikwa ndani ya mashine inayobeba ofisi nzima, na lina uwezo wa kuizima.

Miaka mitatu baadaye mteja alishinda, na inafaa kuuliza alishindaje. Julai 2011 VMware ilitangaza vSphere 5 pamoja na namna mpya ya kuhesabu leseni, yaani kwa kiasi cha memori kinachogawiwa mashine pepe. Leseni ya daraja la juu kabisa ilikuja na gigabaiti 48 kwa kila prosesa. Aliyekuwa amenunua seva zenye memori tele ili abane mashine nyingi kwenye chuma kimoja, ambalo ndilo lengo zima la programu hizi, alijikuta anaadhibiwa kwa kuitumia vizuri. Hasira zilikuwa kubwa hivi kwamba ndani ya wiki chache kiwango kikapandishwa hadi gigabaiti 96, na Agosti 2012 hesabu hiyo ikafutwa kabisa. Ni rahisi kusema kwamba kampuni ilikuwa sikivu, lakini kulikuwa na jambo lingine. Leseni za wakati ule zilikuwa za kudumu, hivyo aliyekataa bei ya vSphere 5 aliweza kubaki na vSphere 4 aliyokwisha kuilipia, akaangalia Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, inavyokua kila toleo. Haki ya kukaa ulipo bila kulipa tena ni nusu ya haki ya kuondoka, kwa sababu humpa mteja muda, na anayeuziwa akiwa na muda bei hujadilika.

Nusu hiyo ilifutwa mwishoni mwa 2023. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware tarehe 22 Novemba mwaka huo, katika mpango uliotangazwa mwaka 2022 kwa dola bilioni 61, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Kuanzia hapo ni kulipia kwa kipindi, na bidhaa zilizouzwa moja moja zikafungwa kwenye vifurushi vichache. Februari 2024 hata toleo la bure la ESXi, haipavaiza ya VMware iliyorithi ESX, ambalo wanafunzi na ofisi ndogo walilitumia kujifunzia, liliondolewa, kisha likarudishwa kimya kimya Aprili 2025. Agosti 2024 AT&T, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za simu nchini Marekani, iliishitaki Broadcom mahakamani New York, na nyaraka za kesi zikatuonyesha ndani ya nyumba ya mteja kwa namna isiyo ya kawaida. AT&T ilisema inaendesha mashine pepe zipatazo 75,000 kwenye seva zipatazo 8,600. Barua pepe ya mmoja wa wakuu wake ilidai kwamba ongezeko lililopendekezwa ni asilimia 1,050 kwa mwaka mmoja, na ikakadiria gharama ya kuhama kuwa kati ya dola milioni 40 na 50. Broadcom ilipinga madai hayo, na Novemba 2024 pande mbili zikapatana bila kutangaza masharti. Hatuhitaji kuamua nani alikuwa na haki. Inatosha kuona kwamba kampuni yenye wahandisi na mawakili wa kumwaga haikuweza kusema tu kwamba itanunua kwingine.

Kuhama kuna ugumu gani hasa? Chukua mashine pepe moja tu, ya Windows, iliyobeba programu ya mishahara, na uitoe kwenye VMware uipeleke kwenye KVM, haipavaiza ya chanzo huria iliyomo ndani ya Linux tangu 2007. Kubadili faili la diski kutoka umbo moja kwenda jingine ni kazi ya amri moja na subira kidogo. Unaiwasha, na badala ya kuomba nywila inakupa skrini ya buluu: Windows haina draiva ya diski ya aina mpya, kwa hiyo haioni hata mahali ilipohifadhiwa yenyewe. Ungetakiwa kuiweka draiva hiyo kabla ya kuhama. Ukisharekebisha hilo, kadi ya mtandao imekuwa nyingine, na anwani uliyoipanga imebaki kwenye kadi ya zamani ambayo haipo tena ila bado imeandikishwa, kwa hiyo mashine imewaka lakini haionekani na mtu. Ukilimaliza hilo, programu ya mishahara inaona alama za kompyuta ngeni na kudai leseni yake iamilishwe upya. Kisha unapiga simu kwa aliyekuuzia programu hiyo, naye anakujibu kwa upole kwamba wameithibitisha kwa VMware na Hyper-V tu, hivyo ukipata tatizo usiwatafute.

Hiyo ni mashine moja, na diski yake ndiyo sehemu nyepesi. Vinavyoizunguka ndivyo vizito. Nakala za akiba za kila usiku zilitegemea njia ya VMware ya kujua ni vipande gani vya diski vimebadilika tangu jana. Kwenye haipavaiza mpya mfululizo huo unaanza upya kwa nakala nzima, na nakala za zamani, ambazo mkaguzi wa hesabu anataka zitunzwe kwa miaka, zinabaki katika umbo linalotegemea mfumo ulioondoka. Kanuni za mtandao zinazoeleza mashine ipi iongee na ipi ziliandikwa ndani ya programu ya muuzaji yuleyule. Mpango wa dharura wa kuhamishia kazi kwenye kituo cha pili ni hivyohivyo, na hati ndogondogo za kuendesha kazi za usiku ambazo fundi aliziandika miaka minane iliyopita kabla hajaacha kazi nazo zinaita amri ambazo kwingine hazipo. Yote haya hayaonekani siku ya kununua. Proxmox, kampuni ya Vienna iliyotoa haipavaiza yake mwaka 2008, ilipata uzito machoni mwa wakurugenzi wengi baada tu ya Veeam, muuzaji mkubwa wa programu za nakala za akiba, kuanza kuihudumia mwaka 2024. Uwezo wa haipavaiza yenyewe ulikuwepo zamani. Kilichokosekana ni majirani.

Hapa msomaji makini atapinga kwamba soko linafanya kazi yake. Kuna KVM, kuna Hyper-V, kuna Nutanix, na kila mmoja anatoa zana ya kuhamia bure. Ni kweli, lakini angalia zana hizo zinaelekea wapi. Machi 2024 Proxmox ilitoa zana ya kuleta mashine kutoka ESXi. Nutanix wana ya kuleta kwao, Red Hat wanatunza ya kuleta KVM, na VMware kwa miaka mingi imetoa ya kuleta kwake. Kila muuzaji amejenga mlango wa kuingilia na kuupaka rangi, lakini wa kutokea hauna mwenyewe. Mteja anayehama leo kwa hasira anaweza kuwa anabadilisha tu nani atamfungia miaka kumi ijayo, hasa akinunua kifurushi kizima cha mtandao, hifadhi na usimamizi kwa mkono mmoja kama alivyofanya mara ya kwanza. Viwango vya pamoja navyo havijakosekana. Cha OVF kilitoka mwaka 2009 kwa ajili ya kufungasha mashine pepe, na kinafanya kazi yake vizuri: kinabeba diski na maelezo ya prosesa na memori. Ila hakibebi sera, ratiba za nakala wala kanuni za mtandao, na humo ndimo gharama ya kuhama ilimojificha.

Pingamizi zito zaidi ni la kibiashara. Programu hugharimu fedha kuitunza, viraka havijitengenezi, na muuzaji anayelipwa mara moja kisha akadaiwa huduma miaka 15 atafilisika au ataacha kujali. Hoja hiyo ina uzito, na mteja anayetaka vyote kwa bure hastahili kusikilizwa sana. Lakini VMware haikuwa ikilipwa mara moja tu, kwani waliotaka msaada na matoleo mapya walilipia kila mwaka. Kilichoondolewa ni uhuru wa mteja kuamua mwaka huu silipi, naendelea na nilichonacho. Broadcom imesema kwamba wateja wake wakubwa wengi wamekwisha kusaini vifurushi vipya, na sina sababu ya kutoamini. Ila kusaini si ushahidi wa kuridhika pale ambapo njia nyingine ingechukua miaka miwili na mkataba wa sasa umebakiza miezi mitatu.

Wengine watasema mjadala wote umepitwa na wakati, kila kitu kinakwenda kwenye wingu. Wingu ni seva pepe za mtu mwingine, na historia yake inaunga mkono hoja ya sura hii. EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha seva pepe, ambayo sehemu kubwa ya kazi ya kuiunda ilifanywa na timu iliyokuwa Cape Town, ilianza mwaka 2006 juu ya Xen, haipavaiza huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 2017 Amazon ikaanza kuhamia kwenye mfumo wake wa Nitro, uliojengwa kwa msingi wa KVM. Ilibadilisha tabaka lililobeba biashara yake yote kwa ratiba yake yenyewe, bila barua ya ongezeko la bei na bila kwenda mahakamani. Iliweza kwa sababu haikuwa imejifunga kwenye leseni ya mtu. Muuzaji mkubwa wa mashine pepe duniani alijiwekea uhuru ambao wateja wake hawana, maana anayetumia hifadhidata na mitandao ya wingu moja atakuta kuondoka humo ni kugumu kuliko kuhama haipavaiza.

Suala hili lina uso mwingine kabisa kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam. Bei iko kwa dola na mapato yako kwa shilingi. Katikati ya 2022 dola ilinunuliwa kwa takribani shilingi 118 za Kenya, na Januari 2024, mara tu baada ya leseni za kudumu kufutwa, ilifika takribani 160 kabla haijashuka baadaye mwaka huo. Mwenye leseni ya kudumu angeweza kusubiri dhoruba ipite. Anayelipia kwa kipindi hulipa kwa bei ya dola ya siku mkataba unapoisha. Kisha kuna hesabu ya viini vya prosesa. Leseni ya VMware huhesabiwa kwa kiini, kwa kiwango cha chini cha 16 kwa kila prosesa. Kampuni ndogo yenye seva mbili, kila moja ikiwa na prosesa mbili za viini 8, ina viini 32 na inalipia 64. Hicho ndicho chuma ambacho wengi wa ukubwa huo hununua, mara nyingi kikiwa kimetumika Ulaya. Muuzaji hakuwa na nia mbaya naye; hakumwona tu alipokuwa akipanga bei.

Usalama nao umeingia kwenye mkataba. Februari 2023 wadukuzi walifunga maelfu ya seva za ESXi duniani na kudai fidia, na idara ya Ufaransa ya usalama wa mitandao ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupiga mbiu. Tundu lililolengwa lilikuwa na kiraka tangu Februari 2021. Ni rahisi kuwalaumu walioacha miaka miwili ipite, na baadhi wanastahili lawama. Lakini kuiwekea haipavaiza kiraka maana yake ni kuizima, na kuizima maana yake ni kuhamisha kwanza mashine zote zilizo juu yake. Mwenye seva moja hana pa kuzihamishia, na leseni ya kuhamisha bila kukatika haikuwa ya bei ya chini. Tangu hapo viraka vimefungamana zaidi na malipo. Aprili 2024 Broadcom iliahidi kuwa viraka vya hatari kubwa vitatolewa bure hata kwa wenye leseni za kudumu ambao mikataba yao ya msaada imekwisha, mradi wako kwenye matoleo yanayohudumiwa. Ni ahadi nzuri, lakini ni ahadi tu. Kama kuna kipengele ambacho wanunuzi wangepaswa kukidai kwa maandishi ni hiki: kiraka cha usalama kitoke nje ya mabishano ya bei.

Kwa kuwa muuzaji hawezi kutarajiwa kujenga mlango wa kutokea kwa hiari yake, umeanza kujengwa na wengine. Juni 2025 mahakama ya The Hague iliiamuru Broadcom iendelee kuihudumia Rijkswaterstaat, idara ya Uholanzi ya barabara na njia za maji, kwa hadi miaka miwili wakati inahama, la sivyo ilipe faini ya euro 250,000 kwa siku hadi kufikia milioni 25. Idara inayosimamia milango ya maji katika nchi ambayo sehemu yake iko chini ya usawa wa bahari haiwezi kuambiwa ihame kwa miezi mitatu, na mahakama ililiona hilo. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Septemba 12, 2025, inawalazimisha watoa huduma za wingu kurahisisha kuhama, na ada za kuhama zinatakiwa ziishe kabisa Januari 2027. Haigusi programu unayoiendesha kwenye chumba chako mwenyewe, na hilo ni pengo. Kwetu, sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinashughulikia taarifa za mtu binafsi, na kuhama kwa kampuni kutoka programu moja kwenda nyingine hakumo katika shabaha yake.

Kwa hiyo kazi inabaki kwa mnunuzi na kalamu yake. Mkataba wa miaka 3 uliosainiwa kwa haraka mwanzoni mwa 2024 unaisha mwanzoni mwa 2027, na msaada wa kawaida wa vSphere 8 unakoma Oktoba mwaka huohuo. Mwenye kuanza sasa anaweza kuhamisha mashine zisizo na mgogoro, seva za majaribio na za mafaili, na kuzilazimisha nakala zake za akiba zisomeke nje ya mfumo uliozitengeneza. Anaweza pia kumwandikia muuzaji wa programu ya mishahara kumuuliza ni lini ataithibitisha kwa KVM. Barua hiyo ya mwisho ndiyo itakayochelewa kujibiwa, kwa hiyo ndiyo ya kutuma kwanza.